Nguchiro na Leseni ya Kuteleza

Ngano hii aliisimulia kwanza shangazi yetu, Mwanjaa binti Semkiwa, nyumbani kwake Misozwe, mwezi wa Agosti mwaka 2012. Wapo katika ukoo wanaosema ilikuwa 2013. Si kweli. Mwaka 2013 mahindi yetu yaliliwa na nguruwe, na siku ya ngano hii tulikuwa tunapukuchua mahindi.

Ilikuwa mchana. Kwetu ngano haisimuliwi mchana, husemwa kwamba msimulizi atapotelewa na mbuzi. Lakini mvua ilikuwa kubwa, na shangazi alisema mvua ikizidi, jua huwa halisikii. Hizza, mtoto wa kaka yake, alikuwa amekuja kutoka Dar es Salaam na simu mpya ya kupapasa. Alituambia kwamba huko ng'ambo makampuni makubwa ya simu yameshtakiana, kila moja likidai kwamba ile namna ya kutelezesha kidole kwenye kioo ni mali yake.

Shangazi aliweka gunzi chini.

"Kidole cha nani?"

"Cha mtu yeyote, shangazi. Hawadai kidole. Wanadai kule kuteleza."

"Basi wamechelewa," alisema shangazi. "Kiboko alikwisha kudai zamani." Kisha akainua sauti, nasi tukajua la kujibu.

"Ngano na ije!"

"Ije, mlango uko wazi!"

"Ije imebeba nini?"

"Ibebe uongo, kweli tunayo ya kutosha!"

"Na nikiitia chumvi?"

"Tutakunywa maji!"

Hapo kale, si kale sana, wanyama wote walikuwa na simu. Tembo alikuwa na simu. Nyani alikuwa na simu. Siafu walikuwa na simu moja ya kuchangia. Na simu hizo zote zilitengenezwa na Nguchiro.

Nguchiro alikuwa mjane, mdogo wa umbo, mwenye vidole vyepesi. Alikuwa na kibanda kando ya mto, na kibanda hicho ndicho kilichomlisha yeye na watoto wake. Bila kibanda angerudi kufukua mchwa juani, tai akimtazama kwa juu, kama nguchiro wengine.

Simu za mwanzo zilifunguka kwa kubonyezwa. Tembo akibonyeza, simu inapasuka. Siafu wakibonyeza, simu haina habari. Nguchiro akakaa, akafikiri, akatengeneza simu ya kioo. Unagusa, unatelezesha, inafunguka. Teleee... kwap! Tembo akatelezesha mkonga: teleee... kwap! Siafu wakajipanga mstari, wakateleza wenyewe toka huku hadi huku: teleee... kwap! Nchi nzima ikawa inateleza.

Sasa, palikuwa na Kiboko. Kiboko hakujua kutengeneza simu. Hakujua kutengeneza hata kifuniko cha simu. Alijua kula, na alijua kukusanya hataza.

"Hataza ni nini?" aliuliza binamu yetu Kibibi.

"Ni hati ya serikali," alijibu Hizza. "Inasema wazo hili ni la fulani. Mwingine akitaka kulitumia aombe ruhusa kwake. Ruhusa hiyo ndiyo leseni."

"Hizza kaeleza vizuri," alisema shangazi. "Sasa anyamaze."

Kiboko alimwendea Konokono. Konokono alikuwa na hataza ndogo ya mwendo wake, imeandikwa: kuteleza kwa tumbo juu ya jani bichi. Kiboko akainunua kwa kabichi moja, tena kabichi lenyewe limeoza. Akamwita wakili wake, Kasuku.

"Kasuku, futa 'tumbo'. Andika 'kiungo chochote cha mwili'."

"Chochote! Chochote!" akasema Kasuku, akaandika.

"Futa 'jani bichi'. Andika 'kitu chochote laini'."

"Chochote! Chochote!"

"Mwishoni ongeza, 'ili kitu chochote kifunguke'."

Kasuku akasita. "Mzee, hii itakuwa pana mno."

"Na mimi nikoje?"

Kasuku akamtazama kuanzia mdomo hadi mkia. Akaandika.

Wakaipeleka kwa Kobe. Kobe ndiye aliyekuwa mwenye ofisi ya hataza, na ndiye aliyekuwa hakimu, kwa sababu nchi nzima ilikuwa na muhuri mmoja na Kobe alikuwa ameukalia. Kobe hakupenda kusoma. Alipenda kugonga. Akagonga: gwa!

Kiboko akaanza kuzunguka. Akamkuta Nyani.

"Nyani, unateleza?"

"Nateleza, mzee."

"Kinafunguka?"

"Kinafunguka."

"Basi ni changu! Kata leseni!"

Nyani akakata leseni kwa mkungu wa ndizi. Kiboko akamkuta Nungunungu.

"Nungunungu, unateleza?"

"Nateleza, mzee."

"Kinafunguka?"

"Kinafunguka."

"Basi ni changu! Kata leseni!"

Nungunungu akakata leseni kwa tenga la mihogo. Tembo alikuwa mkubwa kuliko Kiboko, lakini Tembo aliogopa karatasi. Naye akakata.

Kisha Kiboko akafika kibandani kwa Nguchiro.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mzee. Karibu, ila hicho kigoda ni cha wateja wembamba."

"Bibie, unateleza?"

"Nateleza."

"Kinafunguka?"

"Mzee, kinafunguka, lakini simu hizi nimezitengeneza mimi."

"Nani kasema simu ni zangu? Simu ni zako. Kuteleza ndiko kwangu. Kila simu utakayouza, nusu ya ulichopewa ni yangu. Na ile nusu yako, ukipika, nikaribishe."

Nguchiro hakubisha. Usiku ule alilala, asubuhi akatengeneza simu isiyoteleza. Unaigonga, inafunguka. Ko-ko-ko... kwap! Kiboko akaja.

"Kugonga nako ni kwangu. Nilinunua kwa Kigogota."

Nguchiro akatengeneza simu ya kupuliza. Fyuuu... kwap! Kiboko akaja.

"Kupuliza nako ni kwangu. Nilinunua kwa Chura."

Nguchiro, kwa hasira, akatengeneza simu inayofunguka ukiitukana. Unasema, "Fungua, mdomo wazi wewe!" Kwap! Kiboko akaja.

"Kutukana nako ni kwangu, na hiyo sikuinunua popote. Ni ya ukoo."

Nguchiro akaenda kwa Kobe kushtaki. Kobe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaingiza kichwa ndani ya gamba. Nguchiro akangoja. Akakitoa.

"Binti yangu," akasema Kobe, "hataza ya Kiboko imegongwa muhuri. Muhuri ni huu wangu. Nikisema muhuri umekosea, kesho nitautazamaje? Kata leseni kabla mwezi haujaandama. Ukishindwa, kibanda chako na vyombo vyake vyote vitakuwa vya Kiboko."

"Na mimi, babu?"

"Mchwa wapo," akasema Kobe.

Nguchiro akatoka. Akakaa kwenye ukingo wa mto, mikono mashavuni. Alifikiri nusu ile anayodaiwa, akaona haitabaki ya kulisha mtoto hata mmoja. Alifikiri kibanda, akaona tayari Kiboko amekwama mlangoni akijaribu kuingia. Machozi yakamlenga.

Hapo akapita Kiboko mwenyewe, ameshiba ndizi za Nyani, jua limemwakia mgongoni. Kiboko hawezi jua, ngozi yake hupasuka kama tope la kiangazi. Akafika kwenye ukingo, akakaza miguu, akajiachia kwa tumbo kwenye utelezi.

Teleee... chubwi!

Maji yakafunguka, yakammeza, yakajifunga.

Nguchiro akaacha kulia. Masikio yakamsimama.

"Teleee," akasema polepole. "Chubwi."

Asubuhi yake akajitwika tikiti maji la kwanza kutoka bustani ndogo nyuma ya kibanda chake, akaenda kwa Kiboko. Kiboko alikuwa na Kasuku, wanapanga safari ya kwenda kumdai Twiga.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kukata leseni."

"Marahaba. Si nilisema? Kasuku, si nilisema?"

"Ulisema! Ulisema!"

"Haya, bibie, ukate kama ya Nyani."

"Ya Nyani ni leseni ya wengi," akasema Nguchiro. "Mimi sitaki ya wengi. Nataka ya pekee."

Masikio ya Kiboko yakazunguka, prrr, prrr. "Ya pekee ndiyo ipi?"

"Ya pekee maana yake ni mimi tu ninayeruhusiwa kuteleza. Wengine wote marufuku, mpaka nipende mimi. Mimi ndiye nitakayezunguka kuwadai, mimi ndiye nitakayegombana nao. Hataza inabaki jina lako. Na kila asubuhi nitakuletea matikiti mpaka mlangoni."

"Mlangoni?"

"Hata mdomoni, mzee, ukiuacha wazi."

"Nisitembee juani?"

"Usitembee."

"Nisiende kwa Twiga?"

"Twiga uniachie mimi. Na kibanda changu kiandikwe kwamba hakiguswi."

Kiboko akalitia mdomoni tikiti lile zima. Fwaka! Mate mekundu yakamtiririka. "Tamu," akasema. "Kasuku, andika."

"Mzee," akasema Kasuku, "hili neno 'wote'..."

"Unataka na wewe tikiti?"

"Sitaki tikiti, mzee. Hili neno 'wote' lina..."

"Mtu nimekaa vizuri, naletewa chakula nyumbani, wewe unaniletea neno! Nimekuajiri uandike au unionee wivu? Andika: wengine wote! Pasipo kubagua!"

"Wote! Wote!" akasema Kasuku, maana kasuku ni kasuku.

Wakaipeleka kwa Kobe. Kobe hakusoma. Akagonga: gwa!

Kesho yake Nguchiro alileta matikiti. Aliyamwaga kwenye nyasi, juu kidogo, mbali na maji. Kiboko akatoka mtoni, akakaa, akala. Fwaka, fwaka, fwaka. Jua likapanda. Kiboko akala. Jua likafika utosini. Matikiti yakaisha, na ngozi ikaanza kumvuta. Akainuka, akashuka kwenye utelezi wake, akakaza miguu.

Chini ya utelezi alisimama Nguchiro.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nipishe."

"Mzee, unateleza?"

"Nateleza, huoni?"

"Kinafunguka?"

"Mto unafunguka! Ulitaka kifunguke ni..."

"Basi si chako," akasema Nguchiro.

Na kwenye kivuli cha matete alikuwa amekaa Kobe, juu ya muhuri wake. Nguchiro alimwalika tangu jana, maana Kobe hutembea kama kesi zake.

"Kobe!" Kiboko akapiga kelele. "Huyu ananizuia kuingia nyumbani kwangu! Mto si simu!"

"Hataza haikutaja simu," akasema Kobe. "Inasema 'kitu chochote'. Ni nani aliyeomba 'chochote'?"

"Chochote! Chochote!" akasema Kasuku toka kwenye tawi.

"Lakini hataza ni yangu! Jina ni langu!"

"Jina ni lako," akasema Kobe. "Leseni ni yake. Leseni inasema wengine wote, pasipo kubagua. Nikuulize, Kiboko, wewe umo katika wengine wote, au humo?"

Kiboko akafikiri kwa nguvu, mpaka masikio yakaacha kuzunguka. Akajaribu kushuka kwa miguu. Mguu ukateleza. "Mguu ni kiungo," akasema Kobe. Akarudi juu, akageuka, akajaribu kinyumenyume. Mkia ukagusa tope. "Mkia ni kiungo." Akachoka, akakaa kitako apumzike, nako kukaa kwenyewe kukaanza kumpeleka, teleee...

"Mzee," akasema Nguchiro, "naona makalio yanavunja sheria."

"Kiungo! Kiungo!" akasema Kasuku.

Kiboko akang'ang'ania mzizi, akajivuta juu. Jua likamwakia. Ngozi ikatoa lile jasho jekundu la viboko. Midomo ikamkauka. Maji yalikuwa pale, chini ya pua yake, yanang'aa, na hakuna upande wa mto usio na tope.

"Bibie Nguchiro," akaanza.

"Naam."

"Mama Nguchiro. Dada yangu. Mwanangu."

"Chagua moja, mzee. Ukoo wote huo siumudu."

"Nikatie leseni niingie majini."

"Leseni zipo. Ila hizi za wengi zinaanza Jumatatu."

"Jumatatu nitakuwa nimekuwa biltongi! Nitakuwa mkavu kama nyama ya kuanika!" Kiboko akaanza kulia, na chozi likakauka kabla ya kufika shavuni. "Sema unachotaka."

"Hataza," akasema Nguchiro. "Yenyewe, si leseni yake. Na matikiti yangu yaishe leo."

"Chukua!"

"Na ya kugonga."

"Chukua!"

"Na ya kupuliza."

"Chukua! Na ya kutukana chukua!"

"Hiyo baki nayo, mzee. Leo utaihitaji."

Kobe akagonga: gwa, gwa, gwa! Nguchiro akasogea pembeni. Kiboko hakungoja wino ukauke.

Teleee... chubwi!

Akazama mpaka yakabaki matundu ya pua. Na ndiyo maana mpaka leo Kiboko hutoka kwenda kula jua likishazama, ofisi zote zikiwa zimefungwa.

Wanyama waliposikia walikuja mbio kibandani. Nyani alipiga ngoma, Nungunungu alicheza peke yake kwa sababu zake. Siafu walibeba bango.

"Mama Nguchiro!" akasema Nyani. "Umetukomboa! Sasa zichane hizo karatasi, tucheke!"

"Nizichane?" akasema Nguchiro. "Nyani, umewahi kumwona mtu akichana shamba lake?"

Ngoma ikasimama.

"Kwa hiyo tutatelezaje?"

"Mtateleza vizuri sana, jirani zangu. Kiboko mlimpa mkungu mzima. Mimi si Kiboko. Mimi nachukua chane tu. Kasuku atapita."

"Atapita! Atapita!" akasema Kasuku, ambaye tangu mchana alikuwa amehamia kwenye paa la kibanda.

Wanyama wakatazamana. Tembo akasema polepole kwamba karatasi ya mnyama mdogo nayo ni karatasi. Wakarudi makwao, wakiteleza kwa hofu ileile, ila kwa bei nafuu. Na Nguchiro akakiongezea kibanda chumba cha pili, watoto wake wakanenepa, tai akawa anapita juu bila kujua nani ni nani.

Hapo shangazi alikusanya mahindi yake mapajani.

"Funzo la ngano hii," alisema, "ni kwamba mnyonge asiombe zaidi ya haki yake. Aombe kidogo, ashukuru, aende zake."

"Lakini shangazi," alisema Hizza, "Nguchiro aliomba kuliko wote, na akapata kuliko wote!"

"Ndiyo maana nawaambia ninyi msiombe. Mkiomba wote, itabaki nini?"

Kibibi alicheka mpaka akamwaga ungo. Shangazi alimtazama, kisha akaifunga ngano.

"Ngano yangu imefika mkiani!"

"Mkia tumeushika!"

"Aliyeshika mkia asimkimbize mnyama!"

"Tumeuachia!"

Shangazi Mwanjaa alifariki mwaka 2019, mwezi wa Mei, siku ya Ijumaa. Hizza yu hai, anauza vifuniko vya simu Dar es Salaam. Kibibi yu hai, ameolewa Korogwe. Kuhusu wanyama, nilimwuliza shangazi mwenyewe akiwa bado na nguvu, ili jambo hili lisije likabishaniwa baadaye. Alisema Nguchiro alikufa uzeeni, kitandani kwake. Kiboko naye alikufa. Kobe yu hai, anasikiliza rufani ya Kiboko.